Kosa la Pora

Aristotle aliandika kwamba yai refu lenye ncha hutoa jike, la mviringo hutoa dume. Wako wadhanio kuwa ni joto la kuatamia. Kwa kasa ni kweli: mchanga ukipata moto zaidi, huanguliwa majike. Kwa kuku sivyo. Jogoo ana kromosomu mbili za Z, jike ana Z na W; basi aamuaye ni mama, tena kabla yai halijafanya gamba. (Kwa binadamu aamuaye ni baba, ila aachwaye kwa kuzaa mabinti watupu ni mke.)

Hivyo vifaranga hukaribia nusu kwa nusu, na hesabu hiyo huwaudhi wafanyabiashara. Pora wa kuku wa mayai hatagi, wala hanenepi upesi. Duniani mabilioni huuawa kila mwaka, siku ile ile waanguliwapo. Ujerumani ilikataza mwaka 2022, na wengi wakageukia kulipima yai na kuliondoa mapema. Maumivu yamepungua, hukumu ni ile ile. Pora wa kienyeji naye huchinjwa, lakini huwa amekwisha kuparura jaa na kujifunza kuwika.