Mbali ni Kwa Nani?

Adhabu za dunia ni nyingi. Iko adhabu ya mali, iko ya mwili, na iko ya kifungo. Iko na nyingine ambayo haimwagi damu wala haifungi mlango, na kwa sababu hiyo watu wengi huihesabu kuwa ya huruma. Nayo ni kumwondoa mtu kwao na kumpeleka mbali. Nakuomba, msomaji, tuipime adhabu hii kwa mizani ya haki, tuone kama ni nyepesi kama idhaniwavyo.

Tuanze nyumbani. Katika mwaka wa 1938, serikali ya kikoloni iliamuru ng'ombe wa Wakamba wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni, wapunguzwe kwa nguvu. Hoja yake ilikuwa kwamba mifugo iliharibu udongo. Ng'ombe walikamatwa, wakanadiwa kwa bei hafifu. Ndipo Muindi Mbingu alipowaongoza wanaume, wanawake na watoto kwenda Nairobi kumlilia Gavana, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Mwisho serikali iliacha kuuza ng'ombe kwa nguvu, walakini Muindi Mbingu hakuachwa. Alikamatwa, akahamishiwa kisiwa cha Lamu, mamia ya kilomita kutoka vilima vya kwao. Tazama ajabu hii: dai lilikubaliwa, mdai akaadhibiwa! Hakuhamishwa kwa kuwa neno lake lilikuwa la uongo. Alihamishwa kwa kuwa lilisikika.

Serikali ile haikubuni jambo jipya. Uingereza ilikuwa na desturi hiyo tangu zamani. Wezi wake na wakosaji wengine walipelekwa Amerika, mpaka makoloni yale yalipoasi na kujitangazia uhuru mwaka wa 1776. Magereza yakajaa, na wafungwa wakawekwa ndani ya meli kuukuu zilizotiwa nanga mitoni. Hapo wakuu wakakumbuka pwani ya mashariki ya Australia, ambayo nahodha James Cook aliipita mwaka wa 1770. Mwezi wa Mei 1787 meli 11 zikang'oa nanga, zikiwa na wafungwa zaidi ya 700 chini ya Arthur Phillip, na tarehe 26 Januari 1788 wakatua mahali panapoitwa Sydney leo. Wengi wao kosa lao lilikuwa wizi. Mpaka desturi hiyo ilipokoma mwaka wa 1868, watu zaidi ya 160,000 walikuwa wamevushwa bahari kupelekwa nchi ile.

Hapa ndipo swali langu linapozaliwa. Waliosema, "Na wapelekwe mbali," walidhani kwamba mbali ni pahali patupu. Lakini Cook mwenyewe, alipokuwa akiipita pwani ile, aliona moshi wa mioto ya watu. Nchi ilikuwa na wenyewe. Walivua katika ghuba zake na kuzika wafu wao katika mchanga wake. Hakuna aliyewauliza kama wanakubali nchi yao igeuzwe gereza la taifa jingine. Mwaka wa 1789 ndui iliwaua wengi wao karibu na Sydney. Mwaka uo huo Phillip, akitaka kujua lugha yao, aliamuru mtu wao mmoja, jina lake Bennelong, akamatwe kwa nguvu. Hivyo aliyekuwa kwao akawa mfungwa kama walioletwa. Iliwachukua majaji wa Australia mpaka mwaka wa 1992 kutamka kwamba nchi ile haikuwa bure bila mwenyewe.

Mtu atazamaye pwani kutoka sitaha ya meli huona miamba na miti. Aingiaye nyumbani huona watu. Msomaji wa Kitui ana mfano mzuri wa jambo hili. Mwaka wa 1849 mmisionari Ludwig Krapf alifika Kitui, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba. Ni huko Ukambani alikoambiwa habari za mlima mrefu wenye weupe kileleni, na tarehe 3 Desemba akauona kwa macho yake. Mgeni yule aliijua nchi kwa kinywa cha wenyewe. Hakuweza kusema kwamba haina mtu, maana alikula chakula cha watu hao.

Bahari nayo ina mafunzo yake. Kijana Matthew Flinders aliizunguka Australia katika miaka ya 1802 na 1803, akaichora pwani yake, na katika safari hiyo mwenyeji mmoja aitwaye Bungaree alikuwa msaada mkubwa wa kusema na watu wa ufuoni. Flinders alipokuwa njiani kurudi Uingereza alitia nanga katika kisiwa cha Mauritius, katika bahari yetu hii ya Hindi. Wafaransa, waliokuwa vitani na Waingereza, wakamzuia zaidi ya miaka sita. Mchora ramani ya koloni la wafungwa akaonja mwenyewe ladha ya kuzuiliwa mbali na mkewe na kwao.

Yamkini utanijibu, msomaji, kwamba wako waliofaidika. Ni kweli, na haki hainiruhusu kuificha. Francis Greenway alihamishwa kwa kosa la kughushi hati, akafika Sydney mwaka wa 1814, akawa msanifu wa majengo mazuri. Baadaye sura yake ikachapwa katika noti ya Australia, yeye mghushi! Lakini jiulize ni kitu gani kilichomwinua. Umbali haukumfundisha neno. Aliinuliwa na kazi aliyopewa na imani aliyowekewa, na vitu viwili hivi vyaweza kutolewa hata nyumbani.

Wazee wa Ukambani hawakuwa wapole kwa mhalifu. Walikuwa na king'ole, hukumu ya kifo kwa mtu aliyekuwa hatari kwa wote. Lakini hukumu hiyo haikutimizwa kabla ya ndugu wa karibu wa mhukumiwa kutoa ridhaa. Na mtu alipoua, jamaa zake walilipa ng'ombe kwa jamaa za marehemu. Siwasifu kwa ukali wao. Nasifu jambo moja tu, kwamba aliyehukumu aliona kwa macho yake aliyoyahukumu. Adhabu ya mbali humnyima hakimu macho. Asiyeona machozi hujidanganya kwamba hayakutoka.

Neno hili si la wafalme na magavana peke yao. Mwanafunzi akiiba bwenini, wenzake hupiga kelele, "Afukuzwe!" Kijana akikisumbua kijiji, watu husema aende Nairobi au Mombasa, mradi asionekane. Wizi wake hautabaki nyuma mlangoni. Utasafiri naye, na atakakotua kuna bweni jingine na kijiji kingine, navyo vina watu.

Sisemi mtu asiondolewe kamwe. Ikiwa kukaa kwake kunahatarisha maisha ya wengine, na aondoke. Lakini kabla hujapaza sauti pamoja na wengi, uliza maswali mawili: Ni nani atakayempokea, na je, ameulizwa? Ni nani atakayekwenda kumtazama huko? Kama huna jibu, basi hukutafuta haki. Ulitafuta raha ya kutoona. Na ukumbuke kwamba hapo ulipoketi ukisoma, Kitui au Makueni, kwa mtu wa Lamu ni mbali.