Mtoto Mmoja, Mama Wengi



Wahenga walinena: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hiyo husikika kila mara uchaguzi wa baraza la mji unapokwisha bila chama hata kimoja kupata viti vya kutosha kutawala peke yake. Watu hutikisa vichwa na kusema, afadhali mmoja angeshinda kabisa, tukajua moja. Leo yatupasa kuipima kauli hiyo kwa mfano wa mji mkubwa wa Johannesburg, katika Afrika ya Kusini.

Tarehe 1 Novemba 2021 wenyeji wa mji huo walichagua Baraza lenye madiwani 270. Chama kitakacho kutawala peke yake kilihitaji viti 136. ANC ilipata 91, DA 71, ActionSA 44, EFF 29, na vilivyobaki vikagawanyika kati ya vyama vidogo. Mwezi ule ule Mpho Phalatse wa DA, aliye daktari, alichaguliwa kuwa Meya. Mwishoni mwa Septemba 2022 akaondolewa kwa kura, akawekwa Dada Morero wa ANC. Siku 25 baadaye Mahakama Kuu ikatamka kwamba jambo hilo lilitendeka kinyume cha sheria, naye Phalatse akarudi kitini. Januari 2023 akaondolewa tena. Safari hii kiti kikapewa Thapelo Amad wa Al Jama-ah, chama chenye madiwani watatu tu. Aprili akajiuzulu, Mei akafuata Kabelo Gwamanda wa chama hicho hicho, naye alipojiuzulu Agosti 2024, Morero akarejea. Zamu sita za umeya katika muda usiotimia miaka mitatu!

Twakumbuka habari ya Mfalme Solomoni na wanawake wawili waliogombea mtoto mmoja. Mfalme alipoagiza upanga uletwe, mmoja aliridhia mtoto agawanywe. Mwingine alikubali kumkosa, mradi aishi. Hapo Solomoni akamjua mama. Hakutazama ni nani aliyelia kwa sauti kubwa, wala ni nani mwenye ndugu wengi barazani. Alitazama ni nani aliye tayari kupoteza haki yake ili mtoto apate uzima.

Na mtoto wa Johannesburg ni nani? Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 2023 moto uliteketeza jumba la Usindiso katikati ya mji, na zaidi ya watu 70 wakafa, watoto wakiwemo. Jumba lilikuwa mali ya mji wenyewe. Wakati wa ubaguzi wa rangi, Waafrika walikaguliwa humo vyeti vyao vya kupitia. Miaka ya karibuni lilijaa maskini wasio na mahali pengine pa kulala. Tume ya Jaji Sisi Khampepe ilieleza mwaka 2024 kwamba wakuu wa mji waliijua hali mbaya ya jumba hilo tangu 2019 wasitimize wajibu wao. Si haki kusema kwamba kubadilishana Meya ndiko kulikowasha moto, kwani uzembe huo ulianza kabla ya uchaguzi tuliousimulia. Lakini twaweza kuuliza: wakati madiwani walipokuwa wakihesabu kura za kuangushana, ni nani aliyekuwa akihesabu milango ya kutokea katika jumba lile?

Basi, turudi kwenye methali. Chombo hakiendi mrama kwa sababu tu manahodha ni wengi. Huenda mrama kila nahodha anapoushika usukani ili kumnyang'anya mwenziwe, na hakuna atazamaye mwamba. Chama chenye viti vyote chaweza nacho kuwasahau maskini, tena bila mtu wa kukikemea. Wananchi wanapogawa kura zao, hawakutenda kosa, wamewaambia viongozi, "Hatumwamini mmoja wenu peke yake, kaeni pamoja." Hiyo ni amri. Papa Yohane XXIII, katika barua yake ya mwaka 1963 juu ya amani duniani, alifundisha kwamba mamlaka ya serikali yapo kwa ajili ya manufaa ya wote. Asiyeweza kupatana na jirani yake kwa ajili ya maji, taka na usalama wa nyumba za watu, ameyageuza mamlaka hayo kuwa mali yake.

Nasi wapiga kura tusijitoe lawamani. Katika uchaguzi ule wa 2021, nchini Afrika ya Kusini kote, waliopiga kura hawakufika nusu ya walioandikishwa. Mama akilala, nani atamtetea mtoto?

Kwa hiyo, ndugu mpendwa, siku mgombea atakapobisha mlangoni pako, usimwulize tu atakupa nini. Mwulize pia: "Ukikosa kushinda peke yako, utafanya kazi na nani, na ni jambo gani utakalokubali kulipoteza ili mji wetu uishi?" Nanyi baba na mama, wafundisheni watoto jibu la swali hilo mezani penu, kwa namna mnavyosameheana ninyi wenyewe. Atakayekuwa diwani kesho hujifunza leo nyumbani ama kunyang'anya, ama kuachia.

Mwenyezi Mungu awajalie viongozi wa miji yetu moyo wa yule mama wa kweli.