Kuhitajika Si Kuthaminiwa

Tangu niache chuo kwa sababu ya karo, ushauri ninaopewa ni ule ule: jifanye mtu wa kuhitajika. Ukihitajika, utaheshimika. Mimi huishi kwa kuandikia watu kazi zao, na najua vile simu hulia usiku mteja akibanwa, kisha ikanyamaza miezi mitatu. Kwa hivyo niliposoma jinsi Vita vya Pili vya Dunia vilivyobadilisha maisha ya Wamarekani waliobaki nyumbani, swali moja lilinikwama: je, kuhitajika ndiko kuthaminiwa?

Mwaka 1933, karibu robo ya wafanyakazi wa Marekani hawakuwa na kazi. Hata 1940, karibu mtu mmoja kati ya saba alikuwa bado anatafuta. Kufikia 1944, wasio na kazi hawakufika asilimia 2. Si ati watu waliamka siku moja wakiwa na bidii zaidi. Viwanda vya silaha vilitaka mikono, basi.

Wanawake walioambiwa mahali pao ni jikoni sasa waliitwa kwa mabango. Huko Willow Run, Michigan, kiwanda cha Ford kilifikia kutoa ndege moja ya kivita kila saa, na wanawake walikuwemo wakigongomea ribiti. Watoto je? Serikali kuu ilitoa pesa za kuendesha vituo vya kuwalea ili mama aingie shifti. Vita vikaisha 1945. Mwaka 1946 pesa hizo zikakatwa. Watoto walikuwa bado watoto, na mama wengi bado walitaka mshahara. Ila nchi haikuwahitaji tena.

Wamarekani weusi nao hawakungoja kukumbukwa. Mwaka 1941, A. Philip Randolph, kiongozi wa chama cha wahudumu wa treni, alitishia kuleta maandamano makubwa Washington. Rais Roosevelt akatia saini amri ya kuzuia ubaguzi wa ajira katika viwanda vya silaha. Lakini Juni 1943, weusi watatu walipopandishwa cheo kwenye kiwanda cha Packard, Detroit, wazungu kama 25,000 waligoma. Yaani njoo ufanye kazi, lakini ubaki chini.

Kisha kuna watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia, waliofungiwa kambini kuanzia 1942 bila kesi yoyote. Mwaka uliofuata, jeshi liliingia kambi hizo hizo kutafuta vijana wa kujitolea vitani. Kijana angeweza kwenda kupigania nchi huku mamake akibaki nyuma ya seng'enge.

Utaniambia: mshahara ni mshahara, mlango ukifunguliwa ingia. Ni kweli. Wengi walipata ujuzi na pesa ambazo hawakuwahi kushika. Ila Randolph alielewa jambo ambalo sisi mahasla hatuambiwi: siku unayohitajika ndiyo siku ya kudai, tena ukiwa na wenzako, na udai kitu kitakachobaki hitaji likiisha. Na thamani yako usiiweke humo kabisa. Yule mama wa Willow Run alikuwa mtu yule yule kabla ya vita, na hata siku aliyoambiwa arudi nyumbani.