Ukweli na Huruma kwa Mzee Aliyesahau

Msomaji, nyanya yako akikuuliza aliko babu, hali babu amekwisha fariki, utamjibuje? Usahaulifu huu wa uzeeni hautokani na uchawi. Ni maradhi ya ubongo. Aina yake iliyoenea kuliko zote ilielezwa na tabibu Alois Alzheimer wa Ujerumani mwaka 1906. Habari za jana hutangulia kupotea, za ujana hukawia. Kwa hiyo kila umwambiapo kuwa babu amekufa, yeye hufiwa upya. Je, umdanganye? Hasha! Mshike mkono, useme, "Nyanya, nisimulie habari zake." Hapo hujasema uwongo, wala hujamjeruhi. Aliyesahau jina lako bado huweza kutulizwa na sauti ya upole. Mtunze hivyo hata pumzi yake ya mwisho, maana kumbukumbu humtoka mtu, lakini utu haumtoki.