Uko Sawa?

Nilimuuliza kama yuko sawa, naye akanijibu kwamba yuko sawa. Hayo yote mawili ni kweli, na mtu akiniita mbele ya wazee leo nitaapa hivyo. Lakini nilimuuliza nikiwa kwenye mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa, na kwa mwendo huo baiskeli hula zaidi ya mita nane kila sekunde. Jibu lake lilinifuata mgongoni. Liliponifikia nilikuwa nimeshakata kona.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa Februari. Milima ya Ngong ilikuwa imekauka, na mitambo ya umeme wa upepo ilikuwa ikizunguka juu yetu kwa ule mvumo ambao ukishauzoea huusikii tena. Mashindano yalikuwa madogo, ya ridhaa, ya watu wasiofika sitini, wengi wakitambuana kwa baiskeli kuliko kwa majina. Mbio za namna hii huitwa enduro. Kwa asiyezijua, jambo la kushika ni kwamba saa haihesabu safari nzima. Inahesabu miteremko tu, na siku hiyo ilikuwa minne. Kupanda ni shauri lako: sukuma, kaa kivulini, kula ndizi, piga soga, mradi ufike mwanzo wa mteremko unaofuata kabla ya muda uliowekwa kwisha. Hapo mnaachiliwa mmoja mmoja, kila baada ya sekunde 30. Mwishoni, muda wako wa miteremko yote unajumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Ndivyo wanavyoshindana hata mabingwa, katika msururu wa mbio ulioanza mwaka 2013 kwa jina la Enduro World Series na ambao tangu 2023 ni Kombe la Dunia la shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI.

Kwa hiyo siku ya enduro ina nyakati mbili, unaohesabiwa na usiohesabiwa. Katika ule usiohesabiwa sijaona watu wakarimu kama waendesha baiskeli. Mtu usiyemjua atakupa tyubu yake ya mwisho. Atasimama juani nusu saa akikushikia cheni huku wewe ukitafuta kiungo kilichoanguka kwenye nyasi. Nilidhani ukarimu ule ndio tabia yetu. Sikuwa nimejiuliza kama ni tabia yetu au ni tabia ya mlima wa kupanda.

Aliyeanguka alikuwa fundi wangu. Ana kibanda kando ya barabara pale Kiserian, na huko ndiko nilikopeleka baiskeli yangu mpya jioni ya Ijumaa. Baiskeli ile niliiwekea akiba miaka miwili, nikifundisha watoto wa watu hesabu jioni na kusahihisha tasnifu za wenzangu. Ina magurudumu ya inchi 29, breki za disiki za mafuta, shokabzoba za kumeza mashimo mbele na nyuma, na kiti kinachoshuka ukibonyeza kitufe kwenye usukani. Yake ni ya mtumba, haina shokabzoba nyuma, na imeungwaungwa kwa vipuri vya baiskeli nyingi. Alinikalisha juu ya ile yangu nikiwa nimevaa kila kitu, helmeti kichwani na mfuko wa maji mgongoni. Akapima inashuka kiasi gani chini ya uzito wangu, akatoa upepo, akaongeza, akapima tena.

"Baiskeli mpya haimjui mwenyewe, msomi," alisema. "Lazima ifundishwe uzito wako."

Hakutaka pesa. Alisema nitamnunulia chai mlimani.

Jumapili asubuhi, kabla hatujaanza, mwandalizi alituambia jambo moja mara mbili. Ukimkuta mwenzako ameanguka, simama. Kwanza panda hatua chache juu yake, umpungie anayekuja nyuma, kwa sababu anayekuja haoni kona inaficha nini. Kisha ndipo umwangalie aliyeumia. Na anayesimama kusaidia atarudishiwa mteremko wake, auanze upya. Hakuna atakayepoteza kitu. Sote tuliitikia.

Mteremko wa tatu ulikuwa mrefu kuliko yote. Yeye aliachiliwa mbele yangu, mimi nikafuata baada ya sekunde 30. Sina namna nzuri ya kueleza dakika mbili zilizofuata, isipokuwa kusema kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa mwoga. Mawe yaliyokuwa yakinitikisa mikono mpaka viwiko kwenye baiskeli ya zamani yalipita chini yangu kama maji. Breki niligusa kwa kidole kimoja. Kila kona ilinipokea. Ndipo nikamwona. Alikuwa ameketi ukingoni, mkono wa kulia umeushika wa kushoto, baiskeli yake imelala nusu ndani ya njia. Nilipata nafasi ya kupita, na swali, "Uko sawa?" Akapaaza sauti, "Niko sawa!" Nikaendelea.

Aliyenifuata naye alimuuliza akapita. Wa tatu, mama wa makamo ambaye hakuwa na matumaini ya nafasi yoyote, alisimama. Alilaza baiskeli yake, akapanda juu, akapunga mikono. Ilichukua kama saa nzima kumteremsha fundi hadi chini, mkono umefungwa kwa leso ya mtu. Mfupa wa mtulinga ulikuwa umevunjika. Mimi katika mteremko ule nilikuwa wa nne, nafasi ambayo sijawahi kuipata kabla wala baadaye.

Nilipomwendea pale chini, kabla sijafungua mdomo, alicheka. "Wacha hizo, msomi. Si nilikwambia niko sawa?"

Huo ndio msamaha, na ulitolewa na mwenye haki ya kuutoa. Kwa nini basi haunitoshi?

Nimejitetea mara nyingi. Utetezi wa kwanza ni kwamba yeye ni mtu mzima na alisema neno lake. Kutolichukua neno la mtu mzima ni kumdharau. Utetezi wa pili ni kwamba mfupa ulishavunjika. Kusimama kwangu kusingeuunga.

Upo na utetezi wa tatu, wa kisomi, na huu ndio ninaouogopa zaidi kwa kuwa unafariji mno. Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 40 wa seminari ya theolojia huko Princeton. Kila mmoja alitumwa jengo la pili kwenda kutoa hotuba, wengine kuhusu mfano wa Msamaria Mwema wenyewe. Njiani waliwekewa mtu aliyejikunyata mlangoni, akikohoa na kugumia. Baadhi walikuwa wameambiwa wamechelewa, wengine kwamba muda upo. Wenye nafasi walimsaidia kwa asilimia 63. Wenye haraka kubwa, asilimia 10. Aina ya hotuba waliyokwenda kuitoa haikuleta tofauti ya maana.

Ukisoma hayo ukiwa na hatia, unapumua. Kumbe si mimi, ni haraka. Lakini wale wanafunzi haraka yao walipewa na mtu mwingine, bila kujua kwamba ni mtego. Yangu niliinunua. Nililipa kiingilio ili nifanywe mtu mwenye haraka, na niliweka akiba miaka miwili ili haraka yangu iwe kubwa zaidi. Mtu akinunua pombe kwa hiari yake, hatukubali aseme asubuhi kwamba kosa ni la pombe.

Na hata hiyo haraka, nikiitazama vizuri, haikuwa ya saa. Hapa ndipo ninapokwama. Kanuni ilikuwa imeshaniondolea gharama yote. Kama ningesimama, ningerudishiwa mteremko, sekunde kwa sekunde. Siwezi kusema nilichagua ushindi dhidi ya mwenzangu, kwa sababu ushindi haukuwa umewekwa kwenye mizani. Kitu ambacho kanuni isingeweza kunirudishia ni zile dakika mbili. Ningeanza upya nikiwa na vumbi puani na wasiwasi moyoni, nikijua mawe yale yanavunja watu. Nilipomwona ameketi pale, nilichokataa kukiachia kilikuwa utamu. Nimetafuta neno la heshima zaidi, sijalipata.

Tunapenda kuwaza kwamba mtihani wa uadilifu ni pale wema unapogharimu kitu kikubwa, kazi, pesa au uhai. Mimi sasa nadhani tunaanguka mara nyingi zaidi pale gharama ni ndogo kiasi cha aibu. Gharama kubwa humwamsha mtu, akajua kwamba anachagua. Dogo na tamu hupita na wewe kabla hujajua kwamba palikuwa na njia panda.

Ila bado nina deni la utetezi wa kwanza, ule wa neno lake. Mimi husomea isimu, na ilinichukua wiki kadhaa kuona kitu ambacho nyanya yangu alikijua bila shule.

Angalia maamkizi yetu. "Hujambo" maana yake huna jambo. Anayeuliza ameshakutilia jibu mdomoni, na "sijambo" ni kulipokea tu. Habari? Nzuri. Mambo? Poa. Hata aliyefiwa jana, ukimuuliza habari, atasema nzuri. Wageni wa lugha hii huona huo ni uongo. Si uongo. Ni mlango. Kwetu mtu husema nzuri kwanza, kisha anasubiri aone kama umekaa. Ukikaa, ndipo linakuja neno lile dogo, "ila". Nzuri, ila mtoto hakulala. Salama, ila mvua imetukataa. Nyanya yangu akimaliza kuamkiana na mgeni alikuwa ananyamaza, anamsogezea kigoda, anachambua mboga zake. Alijua habari yenyewe iko nyuma ya ile ya kwanza, na haiwezi kuvutwa, inangojwa.

Basi "Uko sawa?" niliyoirusha pale mlimani haikuwa swali. Lilikuwa jibu lililovaa nguo za swali, na yeye kwa adabu yake alinirudishia nilichompa. Alifanya zaidi ya hapo, kwa kweli. Alinipa ruhusa. Aliona baiskeli aliyoipima kwa mikono yake ikija kama alivyotaka ije, hakutaka kuisimamisha. Kulichukua neno lake si kumheshimu, ikiwa nilihakikisha kwamba hana nafasi ya kusema neno la pili.

Wiki moja baada ya mbio nilikwenda kibandani. Nilikuta mkono uko kwenye kombeo, na kijana jirani akijaribu kubadilisha tairi la bodaboda.

"Habari yako, fundi?"

"Nzuri, msomi. Karibu."

Nilivuta mkebe wa rangi nikakaa. Hatukusema kitu. Matatu mbili zilipita, zikatupulizia vumbi. Kijana akauliza spana iko wapi, akaelekezwa kwa kidevu. Mwishowe fundi akasema, "Ila daktari ananipa wiki sita. Na hapa kodi inalipwa kila mwezi."

Kisha, bila kunitazama, akaniambia lililobaki. Baada yangu alisikia tairi za anayefuata zikiteremka kwenye mawe. Akaogopa kwamba huyo hatapata nafasi ya kupita kama mimi. Akaivuta baiskeli yake itoke njiani, akauvuta kwa mkono ule ule, kwa sababu wa kulia ulikuwa ndio anaojishikilia nao. Hospitali wakamwambia vipande vya mfupa vimeachana. "Labda viliachana nilipoanguka," alisema. "Nani ajuaye?"

Hakuna ajuaye. Ndiyo sababu utetezi wangu wa pili hauwezi kufa wala kupona. Najua tu kwamba kazi iliyokuwa inangoja mtu pale haikuwa kuunga mfupa. Ilikuwa kusimama hatua kumi juu ya kona na kupunga mikono, kazi ambayo mtoto wa darasa la tatu angeiweza, na kwamba kwa sekunde 30 mtu pekee aliyekuwepo wa kuifanya nilikuwa mimi.

Sikumwomba msamaha tena. Alikwisha kunipa, na kuomba mara ya pili kungekuwa kumtaka anifariji. Kijana alikuwa ameshindwa kuitoa tairi kwenye rimu. Niliinuka nikamshikia gurudumu, fundi akawa anatuelekeza kwa mdomo: hapo, si hapo, polepole, geuza. Nilibaki mpaka jioni. Kesho yake nikarudi, na Jumamosi, na nyingi zilizofuata mpaka kombeo likatoka. Sikulihesabu kuwa malipo, kwa sababu wiki sita za fundi hazilipwi kwa mikono ya mtu asiyejua kushika spana.

Baiskeli yangu ilikuwa imeegemea ukutani wakati wote huo, shokabzoba zikiwa bado na upepo alioupima yeye.