Migongo Iliyoziba Mlango

Andiko: Marko 2:1-12

 

Leo tunasoma hadithi mnayoijua. Yesu yuko Kapernaumu, yuko nyumbani, na habari zimeenea. Watu wamejaa mpaka mlangoni hakuna pa kukanyaga. Wanafika watu wanne wamembeba mwenzao aliyepooza. Wanakosa njia. Wanapanda juu, wanatoboa paa, wanamshusha na godoro lake mpaka mbele ya Yesu.

Nimehubiri andiko hili mara nyingi. Kila mara nilihubiri wale wanne, tena nikijihesabu kuwa mmoja wao. Ule umati sikuwahi kuuhubiri. Leo nauhubiri, kwa sababu mwaka jana niligundua mahali pangu halisi katika hadithi hii. Sikuwa juu ya paa. Nilikuwa mlangoni, Biblia mkononi, na mgongo wangu ndio ulikuwa umeziba njia.

Angalieni vizuri. Wale watu hawakuwa wabaya. Hawakuwa kwa baa. Walikuwa ibadani, wanasikiliza Neno! Lakini wote walikuwa wanaangalia mbele, na hakuna aliyegeuka kuona ni nani amekuja nyuma na mzigo. Kumbe mtu anaweza kumpenda Yesu kabisa, na bado mgongo wake ukamzuia mwenye shida asimfikie. Mwambie jirani yako, "Geuka uangalie nyuma."

Sasa niwaambie ya nyumbani kwangu. Kitinda mimba wangu mnamjua, ana miaka saba, yuko Gredi ya 2. Kabla ya kusimama hapa nilimuuliza kama naweza kusimulia habari zake. Akafikiri, akasema, "Sema, Mum, lakini ile moja usiseme." Kwa hivyo kuna moja sitaisema. Ahadi ni ahadi.

Huyu mtoto Mungu amempa akili. Akiwa na miaka minne tulikuwa tukisimama stejini anatusomea maandishi ya matatu. Walimu wa shule ya Jumapili wanakumbuka siku aliyouliza, wale wanyama wote ndani ya safina ya Nuhu, mavi yao yalikuwa yanapelekwa wapi, na nani alikuwa zamu. Mwalimu alisema jambo hilo tutaliombea.

Mnacheka. Lakini kengele ya shule ikilia, mtoto huyo huyo anaingia chini ya dawati na kuziba masikio. Akiambiwa afute kazi aandike upya, anarusha kitabu. Ratiba ikibadilika ghafla, waambiwe leo hakuna hesabu twende uwanjani, analia, anapiga mateke, anakimbia mpaka getini. Baadaye ametulia, anakuuliza mbona una huzuni.

Kufikia Gredi ya 1 tulikuwa tumebadilisha shule mara mbili. Simu ikilia saa nne asubuhi nilikuwa najua. "Mama Mchungaji, kuja umchukue." Na kila mahali niliambiwa neno moja: mtoto wenu ni mwerevu, kwa hivyo anafanya makusudi.

Hapo ndipo mtoto mwerevu anapoumia, wapendwa. Angekuwa wa mwisho darasani, watu wangesema huyu anahitaji kusaidiwa. Kwa sababu alikuwa anaongoza kwa kusoma, walisema ni kiburi. Na mimi mama yake nilisema hivyo hivyo. Niliona kichwa kinatembea, nikadhani hakuna mahali pengine palipolala kwa godoro.

Tulimchapa. Nakiri mbele zenu. Kichapo kiliposhindwa tukageukia maombi. Tulifunga, tukapaka mafuta, na usiku mmoja wa kesha nikamweka katikati ya watu wazima, wote wanakemea kwa sauti ya juu. Mtoto ambaye kelele ndizo zinamtesa! Alijikunja chini akaziba masikio, na sisi tukasema, mnaona, limeanza kusikia.

Nilipokuwa namfunika blanketi usiku huo aliniuliza, "Mum, kwani mimi ndiye ile kitu mlikuwa mnaambia itoke?"

Sikuwa na jibu. Nilizima taa, nikaenda kukaa jikoni mpaka kukapambazuka.

Nisieleweke vibaya. Mimi ni Mpentekoste. Naamini maombi, naamini kuna nguvu za giza, na naamini jina la Yesu. Lakini nilikuwa nimempa mtoto wangu jina ambalo Mungu hakumpa, kwa sababu sikutaka kujisumbua kuuliza. Kukemea kulikuwa rahisi kuliko kupanda paa.

Aliyenigeuza ni mwalimu mmoja wa hapa kanisani, anayefundisha shule ya umma. Alinijia baada ya ushirika wa Jumatano. Hakuanza na lawama. Aliniuliza tu, "Mama Mchungaji, mmewahi kumpeleka afanyiwe tathmini?" Nilidhani anazungumzia mtihani. Nikamjibu, mitihani anapita. Akatabasamu, akasema, "Basi tuketi kidogo."

Wapendwa, godoro lina pembe nne. Nataka niwaonyeshe nani anashika wapi.

Pembe ya kwanza ni ya mzazi. Yule mwalimu alinipa kazi ndogo: daftari la shilingi ishirini. Kila vurugu ikitokea, andika mambo matatu. Nini kilitangulia? Mtoto alifanya nini? Baadaye kukatokea nini? Usiandike "alikuwa mkaidi." Andika ulichoona. Na wa shuleni waombe wafanye vivyo hivyo. Baada ya wiki tatu nilisoma lile daftari nikashtuka. Karibu kila mara kulikuwa na kelele ya ghafla, au badiliko ambalo hakuna aliyemwambia mapema. Miaka miwili nilikuwa napigana na mtoto, na sikuwahi kuuliza kilichotangulia.

Pembe ya pili ni ya mtathmini. Katika nchi yetu kuna vituo vya tathmini ya elimu, walimu wanaviita EARC. Vimekuwepo tangu 1984, na wengi wetu tunapita hapo kila siku bila kujua, kwa sababu vingi viko ndani ya shule za msingi za umma. Ulizia katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako. Pia kuna KISE pale Kasarani, chuo ambacho kimefundisha walimu wa elimu maalum tangu 1986, nako watoto hutathminiwa. Tulipokwenda, hakuna aliyetuuliza tumetenda dhambi gani. Walituuliza mimba ilikuwaje, alianza kuongea lini, analala vipi. Wakaangalia macho na masikio. Wakacheza naye, wakampa mafumbo, wakasoma daftari langu. Halafu wakatuandikia ripoti yenye mapendekezo ya kupeleka shuleni. Jina la kitaalamu la hali yake naliachia yeye. Akikua, akitaka, atalisema mwenyewe.

Kitu kimoja walichotuambia kilinifungua macho. Katika elimu maalum hapa Kenya, watoto wenye vipawa vikubwa wanahesabiwa kati ya wanaohitaji usaidizi, na wenye changamoto za hisia na tabia pia. Mtoto mmoja anaweza kuwa hawa wote wawili. Kwa hivyo ukiambiwa "anaongoza darasa, hahitaji chochote," jibu kwa upole, "Mwalimu, ndiyo anaongoza, na ndiyo anahitaji."

Pembe ya tatu ni ya mwalimu na shule. Shule aliko sasa ni ya kawaida, darasa limejaa, na mwalimu wake ni mmoja. Nilienda na ripoti nikitetemeka. Tuliketi watatu, mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa na mimi, tukaandika mpango wa huyu mtoto mmoja. Hakukuwa na mambo ya pesa nyingi. Akae mbele, mbali na mlango. Kabla ya kubadilisha somo aambiwe mapema. Akizidiwa, aweke kadi nyekundu juu ya dawati, aende akae chini ya mti fulani pale dirishani anapoonekana, arudi akitulia. Akimaliza kazi mapema apewe ngumu zaidi, asikae bure, maana akili isiyo na kazi inatafuta vita. Na kila mwezi tukutane tuone kinachofaa na kisichofaa.

Halafu yule mwalimu, Mungu ambariki, akafikiria jambo ambalo halikuwa kwa ripoti. Akasema, "Huyu anaogopa kengele kwa sababu hajui italia saa ngapi. Tumpe yeye aipige." Wapendwa, mwanangu ndiye anapiga kengele ya mapumziko! Anaangalia saa ya ukutani, anatoka, anaipiga. Kitu kilichokuwa kinamficha chini ya dawati sasa kiko mkononi mwake.

Wazazi, mjue pia kwamba sheria iko upande wa mtoto. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hairuhusu shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi, na kifungu cha 36 kinakataza kumtendea mwanafunzi ukatili wa mwili au wa akili. Mtoto hafukuzwi tu kwa simu ya asubuhi. Yeye na mzazi wake lazima wasikilizwe kwanza. Lakini usiingie shuleni ukipeperusha sheria kama kiboko. Ingia na daftari. Mwalimu mwenye watoto hamsini naye amechoka, naye anahitaji mtu wa kushika pembe pamoja naye. Sheria iweke kwa mkoba, uitoe mlango ukifungwa kabisa.

Pembe ya nne ni ya kanisa. Na hapa ndipo ninahitaji neema ya kuendelea.

Miaka michache iliyopita kulikuwa na mama katika kanisa hili mwenye mtoto kama wangu. Mtoto alikuwa anakimbia kati ya viti, anapanda madhabahuni wakati wa sifa. Watu walinung'unika. Mimi ndiye nilimwita yule mama nikamwambia, kwa sauti ya upole kabisa, "Dada, tafuta namna, ibada inavurugika." Akatafuta namna. Aliacha kuja. Na sisi tukasema amerudi nyuma kiroho.

Wanafunzi wa Yesu nao waliwakemea waliokuwa wanamletea watoto, tunasoma Marko 10. Walidhani wanamlinda Bwana. Bwana alichukizwa, na hakuchukizwa na watoto.

Mwezi uliopita nilienda kwa yule mama. Nilipanda ngazi mpaka orofa ya nne, nikabisha, nikamwomba msamaha. Alinipa chai. Tulikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema neno ambalo amenipa ruhusa niwaletee: "Mchungaji, mimi nilikuwa namshika pembe zote nne peke yangu."

Hajarudi kanisani, na simlaumu. Lakini wiki ijayo mtoto wake anaenda tathmini, na mimi nitakuwa naye kwa foleni. Nikipewa hiyo nafasi tu, inanitosha.

Rudini kwa andiko. Biblia inasema Yesu aliona imani yao. Ya nani? Ya wale wanne! Yule wa godoro hakusema hata neno. Na imani yao ilionekana vipi? Ilikuwa na jasho, ilikuwa na vumbi, iliharibu paa la mtu. Maandiko hayasemi nani alilipa lile paa. Lakini ninajua mtoto akisaidiwa kuna mtu analipa. Nauli ya kwenda kituoni mara tatu. Siku ya kazi iliyopotea. Mwalimu anayebaki saa kumi jioni kuandika mpango. Kanisa linalokubali ibada isiyo kimya.

Wala sikuja kuwaambia mambo yamekwisha. Jumanne iliyopita simu ililia saa nne asubuhi. Mvua ilinyesha, ratiba ikabadilika, kadi ilikuwa imepotea. Nilienda. Lakini mwalimu hakusema "mchukue." Alisema, "Njoo tuone nini kilitangulia." Nililia barabarani, na yalikuwa machozi ya shukrani.

Kwa hivyo leo siiti watoto mbele kuombewa. Naita wazazi. Kama unambeba mtoto na mikono imechoka, njoo. Hakuna atakayekuuliza ulifanya nini. Walimu watatu wa kanisa letu watabaki baada ya ibada ya pili, kila mwezi, Jumapili ya kwanza. Njoo na daftari. Kama huna nauli ya kwenda tathmini, sema, sadaka ya huruma ipo. Na shule ya Jumapili, tumetenga kona tulivu yenye mkeka, mbali na spika. Mtoto akienda huko, asher asimfuate na macho makali.

Na wewe usiye na mtoto kama huyu, wewe uko mlangoni. Geuka. Sogea. Ama ushike pembe.

Tuombe. Baba, tusamehe migongo yetu. Tusamehe majina tuliyowapa watoto wako. Watie nguvu mama na baba ambao kesho saa nne simu yao italia. Wape walimu wetu subira na macho ya kuona. Tufundishe kuomba tukiwa tumebeba, si tukiwa tumesimama mlangoni. Na yule mtoto aliyeniuliza usiku ule yeye ni nani, nisaidie nimjibu kila siku: wewe ni mwanangu, na ni wa Bwana. Katika jina la Yesu, amina.