Imani na Mizani

Swali lenyewe ni la kale, nalo ni hili: watu wasioaminiana waanzie wapi kufanya kazi pamoja? Mafundisho yaliyozoeleka, mimbarini na madarasani, husema kwamba mapenzi hutangulia. Watu wapendane kwanza, wasameheane, waziondoe dhana mbaya mioyoni mwao. Hayo yakisha kupatikana, ushirikiano utakuja wenyewe. Insha za shule juu ya "Umoja ni nguvu" hujaa maneno matamu ya namna hiyo, na ni nadra kumkuta mtoto aliyeuliza umoja huo utatunzwa na nani, au nani atakayeshika ufunguo wa sanduku la fedha. Sisi twadhani kwamba mtoto wa namna hiyo, akipatikana, ndiye aliyekaribia kiini cha jambo.

Ili mazungumzo yetu yasielee hewani, tumechagua kisa kimoja cha mashariki ya Uganda, katika vilima vilivyo chini ya Mlima Elgon, jirani na mji wa Mbale. Wagisu ndio wenyeji wa huko, na kando yao wanaishi Wagwere, Waganda na wengineo. Wakristo ni wengi, Waislamu nao si haba, na pamoja nao wako Wayahudi waitwao Abayudaya. Hawa hawakutoka ng'ambo. Asili ya dini yao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeziteka nchi za mashariki kwa niaba ya Waingereza, kisha akakosana nao. Aliisoma Biblia, hasa Agano la Kale, kwa makini zaidi kuliko walivyotarajia wale waliompa, na mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Kakungulu alifariki mwaka 1928, lakini wafuasi wake wakaendelea kuishika Sabato.

Katika utawala wa Idi Amin, kuanzia 1971 hadi 1979, ibada za Abayudaya zilipigwa marufuku, na wengi wao wakaiacha dini yao kwa hofu. Amin alikuwa Mwislamu. Tunaomba msomaji asiipite haraka sentensi hiyo, kwa maana ingaliweza kuwa sababu tosha ya Myahudi wa Mbale kumshuku jirani yake Mwislamu maisha yake yote, ijapokuwa jirani huyo, mkulima kama yeye, hakuulizwa neno lolote amri ile ilipotolewa.

Basi mnamo Septemba 11, 2001, Joab Jonadab Keki, mkulima wa kahawa, mwanamuziki na mmoja wa viongozi wa Abayudaya, alikuwa mjini New York, akitaka kuyazuru yale majumba mawili marefu asubuhi ile ile yaliposhambuliwa. Aliyaona maangamizi kwa macho yake. Mtu mwingine angalirudi kwao na chuki, au pengine na hotuba. Keki alirudi, na mwaka 2004 akapita nyumba hadi nyumba akiwaomba Waislamu, Wakristo na Wayahudi waunde ushirika wa kuuza kahawa. Wakauita Mirembe Kawomera, maneno ya Kiganda yenye maana ya amani tamu, amani yenye ladha mdomoni. Mamia ya wakulima walijiunga, uongozi ukapangwa utoke katika dini zote tatu, na kahawa yao ikapata mnunuzi katika Marekani: kampuni ya Thanksgiving Coffee ya Fort Bragg, California, iliyokubali kuwalipa zaidi ya walivyozoea kulipwa na wachuuzi.

Na tuangalie alichowaomba. Hakuwaomba wapendane. Hakuwaomba wakae chini wakate shauri juu ya Ibrahimu na wanawe, jambo ambalo wanazuoni hawajalimaliza kwa karne nyingi. Aliwaomba walete kahawa yao mahali pamoja.

Asiyekijua kilimo cha kahawa aweza kudhani kwamba hilo ni ombi dogo. Kahawa ya Elgon ni arabika. Tunda huchumwa likiwa jekundu, si bichi wala lililokaukia mtini. Ganda huondolewa mapema, siku ile ile ikiwezekana. Punje huachwa zichachuke kwa kiasi ili utelezi utoke, zikaoshwa kwa maji safi, zikaanikwa juani na kugeuzwa mara kwa mara kwa siku nyingi. Mkulima akizidisha saa za kuchachua, punje huvunda. Akizianika juu ya ardhi tupu, hunuka udongo. Kisha kahawa yake humwagwa pamoja na ya wenzake, na mwonjaji wa ng'ambo haonji kahawa ya Musa, wala ya Yohana, wala ya Ismaili; huonja kikombe kimoja. Mzembe mmoja huwaponza mia. Kwa hiyo atiaye kahawa yake katika rundo la ushirika amekwisha kuweka rehani jasho la mwaka mzima mikononi mwa watu ambao hasali pamoja nao, hawaozi binti zake, na yamkini babu zao na babu zake waliteta juu ya mpaka wa shamba.

Hapa ndipo tunapoachana na wale wasemao kwamba kuaminiana hutangulia. Katika kazi kama hii kuaminiana si mtaji wa kuanzia. Ni mapato yanayokuja baada ya mavuno mawili matatu, na tena huja kwa kupimwa. Kinachotangulia ni mizani. Mwislamu apime kahawa ya Myahudi, Mkristo akiwa anatazama na kuandika, na hesabu isomwe mbele ya wote. Mtu ambaye leo hakupunjwa huja tena kesho akiwa na shaka iliyopungua kidogo. Wako watakaoona kwamba huu ni ushirikiano mkavu, usio na moyo. Sisi tunauona una heshima kuliko ule wa kukumbatiana mbele ya wageni, kwa kuwa haumtaki mtu ajifanye hana hofu aliyo nayo.

Walimu wenzetu watatuwia radhi tukisimama kidogo kwenye neno lenyewe. "Ushirika" latokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kushiriki, kuwa na fungu katika jambo. Kwa Mwislamu mzizi huo huo ndio uliozaa "shirki", kumshirikisha Mungu na kiumbe, dhambi iliyo kubwa kupita zote. Na Kiswahili kikaongeza "ushirikina". Kwa Mkristo, Ushirika Mtakatifu ni mkate na divai ya madhabahuni. Kwa mkulima, ushirika ni ghala, mizani na kijitabu cha malipo. Neno moja, basi, lakataza kwa huyu, latakasa kwa yule, na kwa wote wawili lapima magunia. Twadhani maana hii ya tatu ndiyo iliyowezesha watu wa Mbale kuketi pamoja, kwa kuwa haikuzigusa zile mbili za kwanza. Kila mmoja alibaki na imani yake yote.

Wala ushirika haukuwa jambo geni huko. Chama kikuu cha ushirika cha Bugisu kiliundwa mwaka 1954, na wazee wengi walikua wakiuza kahawa kupitia vyama. Lakini mwaka 1989 mapatano ya mataifa juu ya mafungu ya kahawa yalivunjika na bei ikaanguka. Katika miaka ya 1990 biashara ikaachwa huria, wachuuzi wakaingia vijijini na mizani yao. Mkulima aliye peke yake mbele ya mizani ya mtu mwingine hana dini wala kabila. Ni mnyonge tu. Huenda unyonge huo wa pamoja ulifanya kazi kubwa kuliko hotuba zote za amani, na hatuoni aibu kulisema.

Juu ya uongozi uliogawanywa baina ya dini tatu, kuna pingamizi lenye uzito. Yasemwa kwamba kugawa vyeo kwa mafungu hukazia ule mpaka unaotakiwa kufutwa: mtu akishapata kiti kwa sababu ya dini au kabila lake, hatakubali kamwe mpaka ule usahauliwe, maana ndio unaompa ugali. Jirani zetu wa Burundi wanalijua jambo hili kwa undani. Mapatano ya Arusha ya mwaka 2000, na Katiba ya 2005 iliyoyafuata, yaliweka mafungu ya Wahutu na Watutsi serikalini, bungeni na jeshini. Damu nyingi ilikuwa imemwagika tangu 1993, na mafungu hayo yaliwapa watu pumzi. Lakini hakuna asiyejua kwamba kiti kilichotengwa kwa ajili ya kabila chaweza kukaliwa na mtu asiyelitumikia kabila hilo wala jingine.

Jibu letu ni kwamba yapo mafungu ya namna mbili, na ni kosa kuyachanganya. Kuna mtu wetu tuliyempeleka mezani atuletee kilicho chetu. Na kuna mtu wao tuliyemwita mezani atukague. Wa kwanza hutazama sahani. Wa pili hutazama daftari. Kiongozi anayefaa kushika jambo la watu mchanganyiko ni yule anayetaka, tena kwa hiari yake, mkaguzi atoke upande usiompenda. Ndugu na rafiki zetu hutusamehe mapema mno.

Lakini lipo jambo jingine linalotusumbua zaidi, nalo halina jibu jepesi. Ni nani aliyebisha hodi kwanza? Ni Myahudi, mtu wa jamii ndogo kupita zote tatu, jamii iliyowahi kukatazwa kusali. Wale wengi hawakwenda kwake. Yeye alikwenda kwao. Je, ni haki aliyeumizwa ndiye abebe mzigo wa kutengeneza? Tumesikia mara nyingi wajane, wakimbizi na watu waliofukuzwa katika mashamba yao wakihubiriwa kwamba wawe wa kwanza kunyosha mkono, na wahubiri wakiwa ni wale ambao hawakupoteza hata kuku. Mahubiri hayo ni dhuluma ya pili. Tendo la Keki ni jema kwa kuwa hakuna aliyemwamuru; likigeuzwa kuwa sharti la kumpa mnyonge mwingine, hapo hapo hupoteza wema wake. Tukiwasimulia wanafunzi kisa hiki, hatuna budi kukisimulia hivyo: hodi ile ilikuwa zawadi, haikuwa deni.

Na yule mnunuzi wa ng'ambo? Jina la ushirika liliandikwa juu ya mifuko ya kahawa, na pamoja nalo habari za dini tatu zilizopatana. Mnywaji wa California alinunua kahawa pamoja na hadithi. Wakali watasema kwamba amani iliyotiwa bei si amani tena. Hatukubaliani nao kabisa, kwa maana hatujaona amani isiyo na mtu anayefaidika nayo, na kama kuna wa kufaidika, heri awe mkulima kuliko mwenye kuandaa semina. Hata hivyo hatari ipo, na yafaa itajwe. Watu wanaolipwa kwa kupatana hawana nafasi ya kugombana hadharani, ilhali ushirika wowote ulio hai una ugomvi wake: juu ya hesabu, juu ya aliyeuza pembeni kwa mchuuzi kwa kuwa karo ya shule haikungoja malipo ya mwisho, juu ya wanawake wachumao na wanaume waendao kupokea fedha. Mgeni anayetaka picha ya tabasamu tatu hana subira na mambo hayo. Mwenye ushirika asipoyashughulikia yatamshughulikia yeye.

Limebaki lile jina. Kiganda si lugha ya Wagisu. Kililetwa na mawakala wa Kakungulu, kikatumiwa katika utawala na makanisani, na Wagisu wengi walikichukia kwa sababu ya walichotendewa na machifu wa Kiganda. Tena Kakungulu yule yule aliyeteka ndiye mwanzilishi wa dini ya Abayudaya. Lakini miaka mia moja baada ya kutekwa, watu wa makabila mbalimbali waliuita umoja wao kwa lugha ya mtekaji, kwa kuwa ndiyo iliyosikika kwa wote sokoni. Nyimbo walizotunga juu ya kahawa na ujirani wao ziliimbwa katika lugha kadhaa za hapo, na mwaka 2013 Smithsonian Folkways ilizitoa katika santuri. Mwalimu anayetaka kulizungumza suala hili darasani atapata humo mengi ya kumsaidia.

Kiswahili nacho kina deni la namna hiyo katika Uganda. Wako wazee waliokisikia kwanza kutoka kinywani mwa askari, kwenye kizuizi cha barabarani, nacho kilikuwa na amri na matusi. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliazimia kwamba kifundishwe kwa lazima shuleni. Mzee wa namna hiyo hatakipenda kwa sababu ya azimio, wala kwa hotuba zetu juu ya utamu wa lugha. Yawezekana akaanza kukitumia siku moja akiwa na gunia lake pale Busia au Malaba, mnunuzi wa upande wa pili wa mpaka akimtajia uzito kwa Kiswahili, na uzito huo, ukipimwa mara ya pili, ukaonekana ndio.